Safari ya Dubai ya Desemba haiwezekani tena. Nianze kughairi kipi ili nisipoteze kila kitu?

Baba_Wawili

Wakuu, habari za jioni.

Tulipanga kwenda Dubai tarehe 19 hadi 24 Desemba, watu wanne: mimi, mama watoto, na watoto wa miaka 9 na 6. Mkataba wa kazi umekatika mwezi uliopita na ada za Januari zinakuja, kwa hiyo safari haipo tena. Leo ni tarehe 10 Novemba. Malipo yamesimama hivi:

- Tiketi nne za kwenda na kurudi, kupitia wakala wa pale Posta, Dar, shilingi 4,200,000 taslimu.
- Viza nne kwa wakala huyohuyo, 1,000,000.
- Hoteli ya kwanza, usiku 3, kupitia tovuti ya bukingi. Naweza kughairi bure hadi 12 Desemba saa 18:00. Hawajakata kitu.
- Hoteli ya pili, usiku 2, ile bei ya punguzo isiyorudishwa. Dola 310 zimeshakatwa kwenye kadi.
- Matembezi ya jangwani, dola 140, kadi.

Wakala anasema tiketi ni NONREF (hairudishwi), "hapo hakuna kitu". Sasa nijiulize, niache tu vyote vipite au kuna cha kuokoa? Picha ya tiketi nimeweka chini.

---

Kaunta_Namba3

Mkuu, kabla ya lolote ondoa hiyo picha. Herufi sita za PNR (namba ya bukingi) pamoja na jina la ukoo vinatosha mtu yeyote kufungua bukingi yako kwenye tovuti ya shirika na kuichezea.

Sasa twende kwenye pesa. Usianze na tiketi, anza na viza, tena kesho asubuhi ofisi ikifunguliwa. Viza ya utalii ya Emirati ikishatolewa unatakiwa uingie ndani ya siku 60, na majibu huwa yanatoka ndani ya siku chache za kazi. Ndiyo maana mawakala wengi hawapeleki maombi miezi miwili kabla, husubiri wiki mbili tatu kabla ya safari. Wewe una wiki tano na ushee, uwezekano ni mkubwa kwamba maombi yako bado yako kwenye faili lake. Yakishaingia kwenye mfumo, ada imekwenda, iwe umesafiri au hukusafiri. Muandikie meseji leo usiku huu: "Naomba usipeleke maombi ya viza ya watu wanne hawa, safari imesitishwa." Taja majina. Simu haitoshi, unahitaji maandishi yenye tarehe na saa.

Akisema ameshapeleka, muombe namba ya maombi ya kila mtu. Ombi lililopelekwa lina namba. Lisilo na namba halijapelekwa.

Kuhusu tiketi, neno NONREF linawatisha watu kuliko linavyostahili. Bei ya tiketi ina vipande vitatu: nauli yenyewe, tozo za shirika (kwenye mchanganuo utaziona kama YQ au YR), na kodi za viwanja na serikali. NONREF mara nyingi inahusu nauli, na pengine hizo YQ. Kodi za abiria ni za abiria aliyepita uwanjani. Usipopita, kwa kawaida zinaombwa zirudi. Ya Dar peke yake kwa safari ya kimataifa ni dola 40 kwa mtu, halafu kuna za Dubai wakati wa kurudi. Kwa watu wanne hizo si za kuachia mtu.

Na kuna tiketi wakala anaiita NONREF kwa mazoea tu, kumbe masharti yanasema inarudishwa kwa makato. Mwambie akupe vitu viwili: mchanganuo wa bei kwa kila abiria, na masharti ya nauli sehemu ya makato. Kwenye mfumo wake ni kipengele namba 16. Anakifungua kwa sekunde kumi, asikwambie anatafuta. Ukivipata andika hapa namba tu, bila majina.

---

Dawati_la_Mbele

Mimi niseme ya hoteli, Kaunta kashamaliza ya ndege.

Hoteli ya kwanza: saa 18:00 hapo ni saa ya Dubai. Dubai wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo mwisho wako ni saa 11 jioni ya Dar, siyo 12. Narudia kwa sababu kosa hili halina dawa: 18:00 watu wanaisoma "saa kumi na mbili jioni", wanakaa hadi saa kumi na moja na nusu, mfumo unakata usiku wa kwanza. Lakini huna sababu ya kufika huko. Umeshaamua, ghairi leo. Kabla ya kubonyeza mara ya mwisho, ukurasa unaonyesha kiasi cha makato. Hakikisha ni 0, piga picha skrini, kisha tunza imeili ya uthibitisho wa kughairi. Usipoipata imeili ndani ya saa moja, bukingi inaweza kuwa bado hai.

Hoteli ya pili ndiyo yenye kazi. Usibonyeze kughairi. Ukighairi bei isiyorudishwa, mfumo unarekodi makato asilimia 100 na chumba kinarudi sokoni. Hapo meneja hana sababu ya kukusikiliza, biashara imeshafungwa. Ukiwa bado umeshika chumba, una kitu mkononi.

Kwanza angalia nani ana pesa yako. Fungua taarifa ya kadi, soma jina lililo kwenye muamala. Kama ni jina la hoteli, hoteli ndiyo imekukata. Kama ni jina la tovuti, tovuti ndiyo imechukua, na hoteli italipwa na tovuti, mara nyingi kwa kadi maalumu inayofunguka siku ya kuingia au baadaye. Hapa ndipo watu huzungushwa: hoteli inasema "sisi hatujapokea kitu", tovuti inasema "hoteli ndiyo imekataa", na wote wawili wanasema kweli. Dawa ni kupata kibali cha hoteli kwa maandishi ndani ya mfumo wa ujumbe wa tovuti yenyewe, siyo WhatsApp. Kikiwa mle, mhudumu wa tovuti anakiona na anaweza kurudisha bila kuuliza tena.

Ujumbe uwe mfupi: namba ya bukingi, tarehe, sababu kwa sentensi moja, na maombi matatu kwa mpangilio. La kwanza, waondoe makato yote kwa kuwa zimebaki wiki tano na Desemba ni msimu, chumba kitauzika. La pili, kama haiwezekani, wakurudishie wakishakiuza tena. La tatu, wahamishe tarehe au wakupe salio la kutumia ndani ya mwaka. Tuma asubuhi ya siku ya kazi, Jumatatu hadi Alhamisi, ili imkute meneja wa bukingi. Usiku anaijibu mtu wa mapokezi ambaye hana mamlaka hayo, naye atajibu "hapana" kwa sababu ndilo jibu pekee analoruhusiwa.

Wakikuhamishia tarehe, fahamu kwamba sharti la kutorudishwa linahama nalo, na tofauti ya bei ni yako.

---

msafiri_wa_bei_poa

Kwa nini asimpe ndugu yake tu hizo tiketi? Abadilishe jina, akusanye pesa yake.

---

Kaunta_Namba3

Kwa mashirika mengi tiketi ya ndege haihamishwi jina. Kurekebisha herufi iliyokosewa wanakubali, kumtoa Juma na kumweka Hassan hapana. Ila chumba cha hoteli ndiyo, hata kile kisichorudishwa. Hoteli nyingi hazijali nani analala ilimradi kimelipiwa. Mtu anayekwenda Dubai tarehe hizo akimlipa hata dola 200 kati ya 310, si haba. Jina libadilishwe ndani ya bukingi na hoteli ithibitishe, la sivyo mgeni atafika mapokezi aambiwe hayumo.

---

Baba_Wawili

Shukrani sana wakuu. Hoteli ya kwanza nimeghairi, makato 0, imeili imefika. Wakala kanitumia mchanganuo baada ya kumng'ang'ania. Kwa mtu mzima: nauli dola 265, YQ dola 90, kodi dola 82, jumla 437. Kwa mtoto: nauli 199, YQ 90, kodi 82, jumla 371. Juu yake ada yake 40,000 kwa kila tiketi. Alitumia kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola.

Masharti yanasema: kughairi kabla ya safari makato dola 150 kwa tiketi. Kutotokea uwanjani, makato dola 300. Kubadilisha tarehe dola 100 na tofauti ya nauli. Hakuna mahali palipoandikwa hairudishwi!

---

Kaunta_Namba3

Ndiyo hayo. Piga hesabu:

Mtu mzima 437 toa 150, inabaki 287. Mtoto 371 toa 150, inabaki 221. Wawili wawili, jumla dola 1,016, kwa kiwango hichohicho ni 2,540,000.

Ukikaa kimya ndege iondoke: mtu mzima 137, mtoto 71, jumla dola 416. Yaani kunyamaza tu kunakugharimu dola 600, milioni moja na nusu. Na ukinyamaza mguu wa kwenda, mguu wa kurudi nao mfumo unaufuta, usidhani utabaki nao.

Muulize jambo moja zaidi: kuna masharti ambayo punguzo la mtoto linaingia hata kwenye makato, na mengine hayaingii. Imeandikwa mlemle. Ikiwa linaingia, makato ya mtoto yanashuka hadi 112.50 badala ya 150.

Ile 40,000 ya wakala kwa tiketi sahau, hiyo ni ya kazi aliyokwisha kuifanya. Anaweza pia kuomba ada ya kushughulikia marejesho. Ni halali kama ilikuwa kwenye risiti au fomu uliyosaini, kama haikuwepo bishana.

---

Rubani_wa_Kiti

Mimi ningesubiri. Makato ni 150 leo na ni 150 tarehe 17 Desemba, hayapandi. Katikati hapo shirika linaweza kubadilisha ratiba au kufuta ndege, na likifanya hivyo kwa kiasi kikubwa unadai pesa yote bila makato hata senti. Ukighairi leo umeitupa nafasi hiyo. Cha kuangalia tu: imeili ya "ratiba yako imebadilika, bonyeza kukubali" ikija, usibonyeze. Ukikubali umeipokea ratiba mpya na dai limekufa.

---

Kaunta_Namba3

Hoja ni nzuri kwa mwenye pesa ya kusubiri. Baba Wawili hana. Amelipa taslimu kwa wakala, maana yake pesa haitoki shirika kwenda mfukoni mwake. Inatoka shirika kwenda kwa wakala kupitia mfumo wa malipo wa mawakala, ndipo wakala amlipe. Hesabu wiki kadhaa, na katikati kuna Krismasi na mwaka mpya ofisi zikiwa nusu watu. Akighairi tarehe 17 Desemba, ada ya Januari haitaiona hiyo pesa. Halafu kuna masharti ambayo makato hupanda saa 72 au 24 kabla ya ndege. Ya kwake hayakutaja hilo, lakini asome mwenyewe, asisomewe.

Mimi naona aghairi wiki hii. Akitaka kucheza bahati ya ratiba, mwisho uwe tarehe 20 Novemba, asivuke.

Na siku ya kughairi kuna hatua mbili ambazo watu wanaziona moja. Kufuta viti ni kitu kimoja, kuomba marejesho ni kingine. Wakala anaweza kufuta viti akakwambia "tayari", tiketi ikabaki imelala na hali yake kwenye mfumo ni OPEN, yaani bado haijatumika wala kurejeshwa. Miezi ikapita. Hutaki neno "tayari", unataka aonyeshe kwamba maombi ya marejesho yametumwa, na baadaye hali ya tiketi isome RFND, yaani imerejeshwa. Namba ya tiketi ina tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika (176 ni Emirates, 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways). Ukiwa na hiyo namba unaweza kupiga simu kwa shirika moja kwa moja ukaulize kama ombi limefika. Pesa hawatakupa wewe, lakini jibu watakupa, na wakala akijua unajua njia hiyo huwa mwepesi zaidi.

---

Kadi_na_Salio

Naongeza ya upande wa benki, kwa zile dola 310 na 140.

Safari za jangwani nyingi unaghairi bure hadi saa 24 kabla. Ingia palepale uliponunua, ghairi, basi.

Marejesho ya kadi yanarudi kwenye kadi ileile iliyokatwa. Kama ulitumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, ile unayoitengeneza kwa ajili ya manunuzi, usiifute wala usitengeneze mpya hadi pesa zirudi. Pesa ikirudi kwenye kadi iliyofutwa haipotei, lakini inakaa benki mpaka mtu aitafute kwa mkono, na huyo mtu itabidi uwe wewe, na barua.

Dola zitakazorudi zitabadilishwa kwa kiwango cha siku ya kurudi, siyo cha siku uliyolipa. Shilingi ikiwa imepanda utapata pungufu hata kama hoteli imerudisha dola 310 kamili. Usigombane na hoteli kwa hilo, haihusiki.

Wakisema wamerudisha na wewe huoni kitu, waombe ARN, namba ya ufuatiliaji ya muamala, tarakimu 23. Ipeleke benki. Bila hiyo mhudumu wa benki atakwambia "subiri siku saba" kila ukienda. Ukiwa nayo anaweza kuona pesa imekwama wapi.

Na kuna watakaokushauri upeleke malalamiko ya kadi benki ili muamala ugeuzwe. Usifanye hivyo kwa hoteli ya bei isiyorudishwa. Njia hiyo ni ya huduma ambayo haikutolewa, au ya marejesho yaliyoahidiwa kwa maandishi yasiyofika. "Nimekosa pesa ya kusafiri" haimo. Hoteli itapeleka ukurasa wa masharti uliyoyakubali, utashindwa, na muda umepotea. Ikitokea hoteli imekubali kwa maandishi halafu ikakausha, hapo sasa peleka, mapema, kwa kadi za Visa dirisha ni siku 120.

Bima ya safari kama ipo, soma, lakini kwa kawaida inahusu ugonjwa, kifo cha jamaa wa karibu na mfano wa hayo. Mkataba wa kazi kufika mwisho kwa kawaida haimo.

---

Shangazi_Leicester

Samahani kuingilia, wenzetu mlioko Uingereza msichanganye na haya. Huku ukinunua kifurushi, ndege na hoteli kwa pamoja kutoka kwa kampuni moja, kanuni za 2018 zinakuruhusu kughairi wakati wowote kabla ya kuondoka kwa kulipa makato ya haki, na kinachobaki warudishe ndani ya siku 14. Kifurushi unaweza kumhamishia mtu mwingine ukiwapa taarifa siku 7 kabla, kwa kulipa gharama halisi ya kubadilisha. Wakipandisha bei zaidi ya asilimia 8 unatoka bila makato. Ila ile siku 14 ya kubadili mawazo mliyozoea kwenye manunuzi ya mtandaoni haihusu hoteli wala ndege za tarehe maalumu. Na kama umelipa kianzio tu, angalia tarehe ya kumalizia: kabla ya hapo kwa kawaida unapoteza kianzio, baada ya hapo makato hupanda kwa ngazi hadi asilimia 100 siku za mwisho.

---

Baba_Wawili

Shangazi shikamoo, na asante. Wakuu, wakala amejibu kuhusu viza. Hana namba za maombi, kwa hiyo hajapeleka. Lakini anasema "pesa ya viza ikishalipwa hairudi, ni sera ya ofisi". Milioni nzima! Risiti yangu imeandikwa tu "malipo ya viza, watu 4".

---

Kaunta_Namba3

Gawanya hiyo milioni. Kuna ada ya viza yenyewe, ambayo hajailipa kwa mtu, na kuna faida yake. Ya kwanza anaishika bila kazi yoyote. Mpe njia ya kutokea bila aibu: mwambie uko tayari akate kiasi fulani kwa usumbufu, tuseme 30,000 kwa kila mtu, arudishe 880,000. Wakala anayetaka uwe mteja wake mwakani atakubali.

---

Karani_wa_Baraza

Akikataa, barua ya ukurasa mmoja. Tarehe ya malipo, kiasi, maneno yaliyo kwenye risiti, tarehe na saa ya meseji uliyosimamisha maombi, jibu lake kwamba hajapeleka. Kisha dai: kiasi gani, ndani ya siku 7 za kazi. Sera ya ofisi ambayo haikuwa kwenye risiti wala fomu uliyosaini ni maneno ya mdomo. Na hata ingekuwa imeandikwa, Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 74, inampa aliyevunjiwa mkataba fidia inayofaa, isiyozidi kiasi kilichotajwa, siyo kiasi chochote alichojipangia. Nakala ya barua iende Tume ya Ushindani, ndiyo inayoshughulikia malalamiko ya walaji. Usiiandike kwa hasira na usitaje polisi. Hili ni deni, siyo jinai, na ukitaja polisi tu anatafuta wakili.

Jambo jingine: kuna watu wataanza kukufuata inbox wakisema wanaweza "kukuokolea" tiketi au hoteli kwa ada kidogo ya kutangulia. Hakuna mtu wa nje anayeweza kufanya marejesho ya tiketi isipokuwa wakala aliyeitoa au shirika lenyewe.

---

Baba_Wawili

Wawili wameshaanza inbox, wote akaunti za wiki hii. Kesho saa 3 asubuhi niko Posta na barua. Hoteli ya pili nimetuma ujumbe ndani ya tovuti, bado sijabonyeza kitu.

---

Kaunta_Namba3

Sawa. Ukiwa pale Posta, marejesho ya tiketi ayatume ukiwa umekaa mbele yake, ndipo umpe ya viza. Ukianza na barua atanuna, na tiketi ndiyo pesa kubwa. Na ile picha bado naiona kwenye bandiko la kwanza.